Beti ya Tano ya "Nani Avuke"

Marahaba. Nimeitikia kabla hamjasalimu, maana nyie vijana mkimwendea mzee mnaanza na "tunaomba stori", shikamoo mnaikumbuka mkiwa mlangoni mnavaa viatu. Basi hilo tumelimaliza, tuendelee na mengine.

Jina nililopewa na wazazi ni Athumani, lakini hapa Nguvumali ukimuulizia Athumani utapelekwa kwa muuza chapati. Ulizia Pazia. Maisha yangu yote ya kazi nilivuta kamba ya pazia katika kikundi cha michezo ya jukwaani, ile michezo ambayo watu huzungumza kidogo na kuimba sana. Hatukuwa na jina la kitaalamu la kuiita. Tulisema "mchezo wenye nyimbo", na watu wakaja. Najua mnajiuliza kama kuvuta pazia ni kazi ya mtu mzima. Siku moja mfunge pazia mapema kidogo mbele ya kina mama wa Tanga waliojitia udi tangu saa tisa alasiri, kisha mje tuzungumze.

Naandika kwa sababu mnanichosha kwa swali moja. Kila anayenunua kamera anakuja barazani kwangu kuuliza: "Babu, katika michezo yenu ile, upi unafaa kuwa filamu?" Nimeshawajibu wengi, na wengi niliwajibu vibaya. Sasa nitajibu mara moja kwa wote, mpunguze kuja, au mje mkiwa na sukari.

Kwanza mwelewe kitu kimoja, bila hicho hamtaelewa lolote. Katika michezo yetu mtazamaji hakai akatulia. Mwimbaji akiimba neno likamgusa mtu, mtu yule anainuka, anapanda jukwaani akicheza taratibu, mkono juu, na kumpa mwimbaji chochote alichonacho: noti, kanga, ua la asumini, chupa ya marashi iliyofika nusu. Huko ndiko kutunza. Na hatunzi kwa sababu sauti ni nzuri tu. Anatunza ili jirani yake aliyekaa safu ya tatu ajue kwamba maneno yale ni yake yeye jirani. Kwa hiyo mchezo unasimama, ngoma zinaendelea, jirani ananuna, kisha tunarudi kwenye hadithi tulipoiacha, tukikumbuka tulipoiacha.

Tulikuwa na mchezo unaitwa "Wasia". Mzee mwenye minazi anafariki mwanzoni, halafu watoto wanagombana kwa nyimbo mpaka mwisho. Mzee huyo aliigizwa na Shabani, mtu wa Pangani, mwembamba, ambaye katika maisha ya kawaida hakuwa na kipaji chochote isipokuwa kufa. Alikufa vizuri mno. Alikuwa na namna yake ya kutafuta mto kwa mkono, anaupapasa, haupati, basi. Siku moja mama mmoja pale ukumbini hakuweza kuvumilia. Akapanda na kanga mpya, doti nzima, akamwekea maiti kifuani.

Sasa tunzo haikataliwi. Hiyo ni kanuni, na Shabani alilelewa vizuri. Akainuka, akakaa kitako, akaipokea kanga kwa mikono miwili, akasema "Ahsante sana, mama, Mungu akuzidishie," akalala tena akafa. Mimi mkono uko kwenye kamba, sijui nifunge au niache. Waigizaji waliokuwa wakilia juu ya maiti walisubiri, kisha wakaendelea kulia. Hakuna mtu ukumbini aliyeona kasoro. Walisema mara ya pili alikufa vizuri zaidi.

Nilikuwa nikiwaambia vijana wachukue "Wasia". Niliona unachekesha. Mmoja alijaribu, akarekodi kipande kwa simu na Shabani wake wa siku hizi, kijana mzuri tu, akalala, akafa, akabaki amekufa. Tuliangalia kwenye simu barazani, hakuna aliyecheka. Ulikuwa msiba tu.

Wa pili niliowapa watu ni "Shamba", na huo sikuupendekeza kwa moyo. Ulihusu wakata mkonge, na tuliucheza Pongwe mbele ya wakata mkonge wenyewe na familia zao, watu waliotoka milimani na mikoa ya mbali, Walutheri na Wakatoliki wenye kwaya zao. Kiongozi wetu, Maalim Bakari, ambaye ndiye aliyetunga nyimbo zetu zote, akataka kila kitu kiwe cha kweli. Akaagiza majani ya mkonge yaliyokatwa asubuhi ile ile. Hakuna hata mmoja wetu wa mjini aliyefikiri kwamba utomvu wa jani bichi la mkonge unawasha. Tulikuwa tumezoea mkonge ukiwa kamba.

Waigizaji wakaingia wakiwa wameyakumbatia majani mabegani, wakiimba. Beti ya kwanza ikapita salama. Beti ya pili wakaanza kutikisa mabega. Beti ya tatu walikuwa wakitikisa kila kitu, mmoja anajisugua mgongo kwenye nguzo ya ukumbi kwa mahadhi ya ngoma. Wenyeji wakaangua kicheko mpaka wengine wakatoka nje kupumua, kisha wakapanda kututunza kwa mafuta ya nazi. Wiki iliyofuata tulipofika kwingine watu wakauliza mbona hatuchezi ule mtindo mpya wa Pongwe. Tukaucheza, bila majani, na haukunoga hata kidogo.

Aliyenifundisha kamba alitoka huko huko Pongwe. Mzee Yohana, Msambaa, mwimbaji wa sauti ya chini kwenye kwaya ya kanisa lake, alistaafu shambani akaja kwetu kuvuta pazia kwa sababu, alisema, nyumbani kulikuwa kimya mno. Alisokota kamba zake mwenyewe. Aliniambia kamba ya mkonge inakwenda na hali ya hewa: bahari ikileta unyevu inavimba na kukwama kwenye kapi, kile kigurudumu cha juu, kiangazi inakuwa kali inachana kiganja. Usivae pete. Usipake mafuta mikononi siku ya mchezo hata kama unakwenda kumwona mchumba. Ya nailoni usiiamini, inateleza ukifikiri umeishika. Haya mnaweza kuyaruka, hamna mapazia.

Jambo kubwa alilonifundisha lilikuwa lini nifunge. "Usingoje mchezo uishe," alisema. "Ukingoja uishe, watu wataanza kutafuta viatu. Kina mama wakishapanda wote kutunza, ngoma imepamba moto, hapo hapo funga. Waache na hamu. Kesho watarudi."

Nilifuata maneno hayo mpaka nilipostaafu. Watu walirudi kila mara, kwa hiyo sikuona sababu ya kuyatilia shaka.

Sasa nije kwa Rehema. Rehema ni binti wa hapa Nguvumali, nyumba ya nne kutoka kwangu. Alisomea filamu, akarudi, na tofauti na wengine wenu alikuja akaamkia kwanza, kisha akakaa chini bila kuitoa kamera kwenye mkoba. Akaniuliza lile swali. Nikampa "Wasia" na kifo cha Shabani, kwa mazoea tu. Akacheka vizuri, kisha akasema:

"Babu, hicho ni kisa cha ukumbini. Filamu itakuwa haina yule mama wa kanga. Nikimweka, nitakuwa nimemtunga, na watu watajua nimemtunga."

Nikamwambia bila kutunza hakuna mchezo wenye nyimbo, na kwa kuwa kwenye filamu hakuna wa kutunza, basi michezo yetu haifai kuwa filamu, na aende akapige picha za harusi zinalipa. Niliona nimejibu vizuri. Hakukasirika. Akauliza kama yupo mwingine anayeikumbuka michezo ile. Nikasema yupo Bi Tatu tu.

Bi Tatu ndiye aliyekuwa mwimbaji wetu mkubwa. Alianza akiwa binti, na Maalim Bakari akampa kuigiza kina mama watu wazima, maana sauti yake ilikuwa nzito kuliko umri wake. Alitiwa unga nywele zionekane na mvi. Leo mvi ni zake. Kifua kinambana kidogo, ngazi anapanda kwa awamu, lakini maneno yote anayo. Tulimkuta uwani anakuna nazi.

"Shikamoo, bibi," akasema Rehema.

"Marahaba, mwanangu. Huyu Pazia kakuletea nini, mashaka?"

Rehema akaeleza. Bi Tatu aliendelea kukuna, wala hakufikiri. "'Nani Avuke'," akasema.

Nitawaeleza mchezo wenyewe kwa ufupi. Binti wa Pangani ameposwa na kijana wa Bweni, ng'ambo ya mto. Siku ya harusi kivuko kinaharibika. Mama wa binti amesimama ukingo huu, mama wa kijana ukingo ule, kila mmoja anasema mwenzake ndiye atafute mtumbwi avuke, na wanatukanana kwa nyimbo kuvuka maji mpaka kivuko kinapotengenezwa. Ndiyo hadithi nzima. Mto wetu ulikuwa kitambaa cha buluu kilichotikiswa na watu wawili, mmoja akiwa mvivu, kwa hiyo mto ulikuwa na mawimbi upande mmoja. Bi Tatu alikuwa mama wa binti, na wimbo wake wa mwisho ndio uliojaza ukumbi. Watu walikuja kwa ajili ya ule wimbo. Kila mwanamke mwenye mkwe alikuwa na sababu ya kupanda.

"Huo una mto wa kweli," akasema Rehema, na nikaona macho yamebadilika. "Una kivuko cha kweli. Nyie mlitumia kitambaa, sisi tunakwenda pale pale." Kisha akasema jambo lililonikera. "Ila ule wimbo wa mwisho, bibi, babu kaniambia una beti nne, tena ndefu. Kwenye filamu mtu hawezi kusimama mkono kifuani anaimba mpaka wali uungue. Nitaomba tupunguze beti."

Nikaanza kumtetea Bi Tatu, kumbe hakuhitaji.

"Kata ya kwanza," akasema. "Kata ya pili. Na ya tatu ukiona inakuzuia, kata. Ya tano usiiguse."

"Ya tano?" Rehema akanigeukia. "Babu, si uliniambia ziko nne?"

"Ziko nne," nikasema. "Nimefunga pazia kwenye ya nne miaka yote."

"Ulifunga," akasema Bi Tatu. "Haukuisha."

Nilisikia haya usoni, na haya katika umri wangu hayaji upesi. Nikamwambia aache mzaha wake mbele ya wageni. Akaweka mbuzi ya nazi pembeni, akafuta mikono, akatueleza. Maalim Bakari aliitunga beti ya tano usiku wa kuamkia onyesho la kwanza, akamfundisha yeye peke yake, nyuma ya nyumba, kwa kuwa wapigaji wa ngoma walishalala. Kesho yake alipofika mwisho wa beti ya nne kina mama wakafurika jukwaani, ngoma zikapanda, na mimi nikafunga. Onyesho la pili, hivyo hivyo. Na kila onyesho baada ya hapo. Siku moja alijaribu kuiruka ya nne aende moja kwa moja kwenye ya tano. Kina mama walipoona mambo yanabadilika wakaogopa kukosa nafasi, wakapanda kwenye ya tatu.

"Mbona hukuniambia?" nikauliza.

"Nikwambie nini? Usifunge, kina mama wamejaa wananipulizia marashi machoni? Nani angesikia?"

"Basi ungetuimbia hata nyumbani."

"Maalim alisema iimbwe mbele za watu. Akasema itasikika siku yake." Akachukua mbuzi yake tena. "Maalim kafa hajaisikia jukwaani. Miye kifua hiki mwakiona. Nataka niumalize ule wimbo, mara moja tu, neno la mwisho litoke, mtu alisikie. Baada ya hapo mkate mnachotaka."

Rehema akausogeza mkoba wake pembeni. Kisha akasema, "Hatukati, bibi."

Hapo ndipo nilipolipata jibu la swali lenu, na nililipata nimekaa kwenye kigoda cha watu, wala si kwa akili yangu. Msitafute mchezo uliofanikiwa sana jukwaani. Huo umeshapata haki yake, uacheni na waliouona. Tafuteni ule ambao jukwaa liliunyima kitu. "Wasia" ulihitaji ukumbi, ukiutoa ukumbini unakuwa matanga. "Shamba" ulihitaji mwasho. "Nani Avuke" ulihitaji kitu kimoja tu ambacho sisi hatukuwa nacho, watu watulie mpaka neno la mwisho, na kwenye filamu watu wanatulia hata kama hawataki. Mnaweza kuandika hayo.

Tulikwenda Pangani na gari la kukodi, Rehema, vijana wake wawili wa kamera na sauti, Bi Tatu na mto wa kuegemea, na mimi ambaye sikuwa na kazi. Nilikwenda kwa sababu nilialikwa, na kwa sababu nilitaka kuisikia hiyo beti. Sikulala vizuri kwa siku kadhaa nikiifikiria. Mtu umefanya kazi mahali maisha yako yote, kisha unaambiwa kulikuwa na chumba hukuingia.

Rehema alijua kazi yake, nimsifu. Alimsimamisha Bi Tatu kwenye mteremko wa kivukoni, chini kidogo, upepo uwe nyuma yake ili sauti isipeperuke. Akampa sinia la mchele achague huku akiimba, ili mikono iwe na shughuli, na nikaona palepale kwamba wimbo umekuwa mwepesi, unatoka kama mtu anayezungumza na jirani. Alipanga beti ya mwisho iimbwe kivuko kikitoka Bweni kuja, na neno la mwisho likitoka, kamera imwache Bi Tatu na kugeukia maji, tuone kivuko kinakuja kumchukua binti. Kivuko hakitungoji sisi, kinangoja abiria, kwa hiyo tulilazimika kufuata mwendo wake.

Ambalo Rehema hakulipanga ni abiria. Kivukoni daima kuna watu, na watu wa Pangani wakisikia sauti ya mwanamke anampa mkwe maneno yake hawaulizi kama ni filamu. Bi Tatu akafika beti ya nne:

*Mlioko ng'ambo kule, mnangoja nini hasa?*
*Mwanangu si pono yule, wa kuvuliwa kwa tasa!*

Yaani mwanangu si samaki wa kuchotwa kwa bakuli. Na mama mmoja aliyekuwa amekaa kwenye gunia lake akainuka mkono juu. Nyuma yake wakainuka wengine sita au saba. Hawakuwa na noti za kuchezea asubuhi ile, kwa hiyo walitunza kwa walichokuwa nacho. Bi Tatu alipewa nazi nzima. Akaipokea kwa mikono miwili, maana tunzo haikataliwi, na beti ya tano ikafia pale.

Kijana wa kamera akasimamisha. Rehema akawaendea abiria, akawaamkia wote, akawaeleza kwa adabu kwamba tunarekodi na kwamba tunaomba mtu asiinuke mpaka wimbo uishe. Wakasema hakuna shida, mwanangu, tumeelewa kabisa. Kivuko kilikwenda na kurudi bila wao, maana walitaka kuusikia wimbo. Tukaanza tena. Beti ya nne ikaisha na wakainuka wote, akiwemo baba mmoja wa pikipiki aliyekuwa mstari wa mbele kusema ameelewa. Walikubali kwa midomo, miguu haikuwepo kwenye mkutano. Safari hii Bi Tatu alipewa mkungu mdogo wa ndizi.

Nilimwangalia akiupokea. Alikuwa anahema. Alikaa kwenye mto wake, akafunga macho, akashika kifua, na kwa mara ya kwanza nikaogopa. Sikuogopea filamu. Niliogopa kwamba ataondoka na lile neno kama Maalim alivyoondoka, na sababu itakuwa ile ile, kupendwa mno kwenye beti ya nne.

"Bibi, tupumzike tuje kesho?" Rehema akauliza.

"Kesho nitakuwa na kifua gani, kipya?" akasema Bi Tatu. "Rudieni."

Rehema akatazama huku na huku. Kisha akamwendea mfanyakazi mmoja wa kivukoni, akarudi na kamba. Akanipa ncha moja mkononi.

"Babu, si wewe mtu wa kamba? Nyingine tunaifunga kwenye nguzo ile. Wazuie mpaka neno la mwisho."

Nikaitazama. "Hii nailoni," nikasema. "Inateleza."

"Ndiyo iliyopo, babu."

Basi nikasimama mbele ya abiria, kamba kiunoni mwao, upande huu mimi, upande ule nguzo. Maisha yangu yote nilivuta kamba wimbo ukatike. Sasa nimepewa kamba ili wimbo usikatike, na nikaizungusha mkononi mara mbili kwa sababu siiamini nailoni. Kivuko kikaonekana kinatoka Bweni. Rehema akainua mkono. Bi Tatu akasimama, akachukua sinia lake.

Beti ya nne ikaja. Nikawaona wanainuka. Mama wa kwanza akaja mpaka kamba ikamkaba tumboni, akanitazama kwa hasira ya kweli.

"Baba weye, tupishe!"

"Haujaisha," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Una beti nyingine."

"Nyingine ipi?"

"Sijui. Nami ndiyo nangoja."

Akasimama. Wa nyuma yake wakasimama. Sijui kama ni kamba au ni uso wangu. Pakawa kimya pale kivukoni, maji tu na mchele unaopetwa kwenye sinia, na Bi Tatu akaiimba. Sauti ilishuka, ule ukali wote ukatoka:

*Si mto nigombeao, wala si ng'ambo ya pili,*
*Nilizoea kikao, cha mimi naye wawili,*
*Wangoje hao wajao, nimtazame kamili,*
*Kesho wakienda zao, sahani nitoe mbili?*

Ndiyo hiyo. Kumbe yule mama hakuwa na ugomvi na mtu. Sisi tulimshangilia miaka yote kwa matusi, naye alikuwa anachelewesha kivuko ili akae na mwanawe kidogo zaidi. Nyumbani kwangu, tangu mke wangu atangulie, nina sahani mbili kabatini, na ile ya chini sijaishusha. Nililia, siwafichi. Nililia nimeshika kamba, machozi yakawa yanakwenda yenyewe kwa sababu mkono wa kufutia haukuwepo.

Neno la mwisho likatoka. Nikaona kamera inamwacha Bi Tatu, inageukia mto, kivuko kinakaribia. Hapo nikaiachia kamba.

Abiria hawakusogea. Mama yule wa mbele alikuwa ameshika upande wa kanga mdomoni. Ndipo nikatambua jambo ambalo sikuwahi kulifikiria hata siku moja: katika miaka yote ile, sikuwahi kumtunza Bi Tatu. Kila mtu Tanga alishamtunza. Wapigaji walimtunza, Maalim alimtunza, hata Shabani siku aliyokuwa maiti. Mimi mkono wangu ulikuwa kwenye kamba.

Nikainua mkono, nikateremka ule mteremko nikicheza taratibu, kwa kadiri magoti yalivyoruhusu. Nilipomfikia nikatia mkono mfukoni, sikukuta noti wala leso. Nilikuwa na tiketi ya kivuko, niliyoikata asubuhi nikidhani tutavuka. Nikampa hiyo. Akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama, akanitazama mimi.

"Umechelewa," akasema.

Baadaye Rehema akaniomba turudie kile kipande cha kutunza, kwa kuwa kamera ilikuwa imegeukia maji na hakuna iliponiona. Nikakataa. Hakusisitiza. Kwa hiyo mkiiangalia filamu hamtaniona popote. Mtaona beti imeisha, mto, na kivuko kinakuja kimejaa watu, na mtasikia sauti ya Bi Tatu, karibu kabisa, ikisema lile neno moja. Filamu imeshaoneshwa hapa Tanga, na watazamaji wote wanadhani anakiambia kivuko. Rehema anasema hata yeye angedhani hivyo, ndiyo maana ameliacha.

Waacheni wadhani hivyo. Nyie mjue tu kwamba aliyekuwa anaambiwa ni mimi.